Mgonjwa wa Débora

Ukifika Mantapala, kambi ya wakimbizi upande wa Zambia, ukauliza nyumba ya Débora, watakuuliza kwanza: Débora gani? Maana wako wengi. Yuko Débora wa kunyonya, yuko Débora wa kutambaa, yuko Débora wa kufukuza kuku wa watu, na yuko mmoja mtukutu kupita wote aliyepika simu ya baba yake ndani ya sufuria ya bukari, yaani ugali. Wote hao ni ndoyi, yaani wajina, wa mtu mmoja. Kwa Wakongo ndivyo ilivyo: mtu aliyempokea mtoto akitoka tumboni, mama akiridhika na mikono yake, anapewa heshima ya jina. Yuko hata mtoto wa kiume mmoja ambaye baba yake alishikilia naye aitwe Débora vilevile, mpaka pasta akaingilia kati, wakakubaliana kwa Déo.

Basi wewe sema unatafuta nyumba ya Débora mwenyewe, munganga wa hospitali, mke wa Méschac wa baiskeli. Utasindikizwa mpaka mlangoni. Ila usije ukasema "yule volontaire." Njia watakuonyesha, lakini kwa uso mkavu.

Na kusema kweli, kwenye karatasi volontaire, mtu wa kujitolea, ndiyo kazi aliyokuwa nayo. Débora alisomea uuguzi Lubumbashi, akapewa diploma mbele ya mama yake aliyevaa kitenge kipya siku hiyo, akapelekwa kituo cha afya upande wa Pweto. Pale alizalisha wanawake mpaka vita ilipofika na watu wakashika njia ya Zambia na roho zao mkononi. Diploma aliivusha chini ya blauzi, ameifunga kwenye mfuko wa sukari. Lakini kila nchi ina utaratibu wake wa kumpokea muuguzi aliyesomea kwingine. Utaratibu huo una ngazi, na ngazi mojawapo ni shule yako ikujibu, na shule ya mtu aliyekimbia vita haijibu upesi. Huku akingoja, kliniki ya kambi ilimchukua awe mtu wa kupima watoto uzito na kutafsiri. Mama anasema kwa Kiswahili, Débora anasema kwa Kiingereza alichojifunza palepale, sister, yaani muuguzi wa hapo, anaandika. Kuzalisha kulimbakia mara mojamoja, usiku, mama akishikwa uchungu nyumbani kabla ya kufika kliniki.

Hakulalamika. Siye wa hivyo. Lakini ungemtazama siku sister mgeni anatafuta mshipa kwenye mkono wa mtoto na mshipa unakimbia. Uso wa Débora umetulia tuli, ila vidole vyake, pale juu ya mzani, vinatafuta pamoja na sister. Jioni akifika nyumbani anamwambia mume wake, "Méschac, hii mikono itanisahau." Aliogopa hilo kuliko alivyoogopa njaa.

Sasa, kandokando ya ziwa linalotenga Zambia na Kongo, njia ya kwenda Kabuta, kuna kliniki moja ndogo, na mkubwa wake anaitwa Sister Mwenya. Ni Mbemba wa Zambia, mrefu, maneno yake ya haraka, na hapendi mtu azungukezunguke. Yeye na Débora walifahamiana kwenye kampeni za chanjo. Ndiye aliyemwonyesha kwenye simu kwamba chuo kimoja cha Kanada, kinachofundisha kwa Kifaransa, kinatafuta wauguzi waliosomea nchi nyingine, wakimbizi nao wakiwemo, wakasomee uuguzi wa juu wa akina mama na uzazi. Masomo yamelipiwa. Ukimaliza unatoka muuguzi bingwa, mtu ambaye daktari akichelewa, yeye ndiye anayeamua.

"Omba," Sister Mwenya akasema.

"Ba Sister, mukwai, mimi huyu wa kupima uzito?" Débora akauliza kwa heshima ya Kibemba.

"Nimekuambia uombe. Sijakuambia ujihurumie."

Akaomba. Mtihani wa kuandika akapita, wa lugha akapita, na diploma ile ya kwenye mfuko wa sukari ikatazamwa huko ng'ambo ikakubalika. Chuo kikamwandikia kwamba imebaki hatua moja, ya mwisho. Atahojiwa kwa video, na mbele ya wahoji wake atahudumia mgonjwa. Si mgonjwa wa kweli. Atafute mtu mzima alale chini, aigize mama aliyejifungua sasa hivi na damu haikatiki. Wao watatazama mikono yake na kumsikiliza anavyoeleza. Na anayeshindwa hatua hiyo haruhusiwi kuomba tena.

Débora alisoma, akarudia kusoma, akacheka kwa furaha. Damu baada ya uzazi? Hiyo angeihudumia hata usingizini. "Nikipita hapa," akamwambia Méschac, "hakuna mutu ataniuliza tena kama mimi ni munganga wa kweli." Alisema hivyo akisonga bukari, na Méschac anasema siku hiyo bukari ilisongwa kwa nguvu za watu watatu.

Lakini hakuna aliyefikiria, si yeye, si Sister Mwenya, wala wale wa Kanada, kwamba kazi itakuwa kumpata huyo mgonjwa.

Alianza na jirani yake, Mama Dorica, anayechota naye maji, ambaye watoto wake wa mwisho walipokelewa na Débora huyohuyo. Mama Dorica alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauegemeza mchi ukutani.

"Nilale chini," akasema polepole, "nijifanye nimezala, na damu inatoka."

"Ya bongo, ya uwongo, Mama Dorica, ya kuigiza tu. Ni examen, mtihani tu."

"Damu haijue bongo, dada. Ukiiita inakuja." Akamshika mkono. "Omba kuku, nitakupa. Omba nikulimie shamba lako mpaka mwisho. Ile hapana. Niko na bana, watoto wadogo."

Débora akaenda kwa mwingine, na mwingine tena. Mkubwa wa akina mama wa kanisa alimwombea sala ndefu, nzuri kabisa, akaitikia amina kwa sauti, halafu akakataa. Mke mmoja aliyeolewa juzi alirudi nyuma mpaka akagonga mlango. Alisema mama mkwe wake akisikia tu kwamba ameulizwa jambo kama hilo, atarudishwa kwa baba yake. Wote walimpenda Débora. Wote walisikitika kwelikweli. Hakuna hata mmoja aliyekubali.

Nawe unayesoma hapa usiwacheke. Hao ni wanawake wanaojua uzazi unavyochukua watu, wengi wao wamezika dada au mtoto wa shangazi kwa ajili hiyo, wengine njiani, wakati wa kukimbia. Kwao kuigiza ugonjwa ni kuuonyesha mlango wa nyumba. Débora naye hakuwabishia sana. Pamoja na diploma yake, moyoni alijua kwamba angeombwa yeye, naye angekataa.

Ndipo Méschac akajitolea. Huyu Méschac ni mtu wa kupeleka samaki bara kwa baiskeli, miguu migumu, ndevu mpaka karibu na macho. "Wameandika mutu mukubwa," akasema. "Wapi wameandika muke?" Akajilaza mkekani mbele ya nyumba, kitenge cha mke wake kiunoni, wakaanza mazoezi. Débora alipoweka mkono tumboni, mgonjwa akacheka.

"Mutu anatoka damu hacheki, Méschac."

"Mikono yako iko baridi."

Akaweka tena, akacheka tena, mpaka akajikunja kama jongoo. Kabla ya jua kuzama kambi nzima ilikwisha kupata habari kwamba Méschac amejifungua salama, na watu wakawa wanapita pale kuuliza kama mtoto naye ni Débora. Débora alicheka pamoja nao. Halafu akaingia ndani, akakaa juu ya gunia la mahindi, akalia. Miaka yote ile ya kungoja, leo mlango umefunguka, na mgonjwa wake ni mwanaume mwenye ndevu anayetekenyeka.

Kuna mtu mmoja ambaye Débora hakumwomba, na hakutaka kumwomba. Huyo ni Eness.

Eness ni mwanamke wa Kisiwa cha Kilwa, si Kilwa ya pwani bali kisiwa cha ndani ya ziwa hilihili, mke wa mvuvi, Mzambia wa hukohuko. Anakausha samaki na kuwauzia Wakongo, na kwao ndiko alikopata Kiswahili chake cha sokoni. Kisiwani kule hufiki ila kwa mtumbwi. Mwaka juzi Débora alikwenda na timu ya chanjo, kazi yake kutafsiri kama kawaida. Siku ya kurudi, mtumbwi wa kwanza ulikuwa umekwisha kuondoka na wauguzi. Débora na wenzake wa mtumbwi wa pili wakaletewa Eness, uchungu umemshika, apelekwe hospitali ya Nchelenge. Wakampakia, injini ikawashwa, na katikati ya ziwa mtoto akatoka. Baada ya mtoto ikaja damu, na damu ile haikukatika.

Wanaume wote mtumbwini, kwa heshima, wakageuza nyuso kutazama maji. Hiyo ndiyo desturi, na ni desturi nzuri, sina neno nayo. Ila aliyeshika injini naye aligeuka. Mtumbwi ukaanza kuzunguka palepale. Unazunguka, unazunguka, na huku Eness anavuja, na hakuna mwanaume hata mmoja aliyethubutu kugeuza shingo aone wanakwenda wapi.

"We wa injini," Débora akafoka, "tazama mbele. Hakuna mutu amekuita utazame huku. Tazama Nchelenge."

Mtumbwi ukanyooka. Débora akamweka mtoto kifuani kwa mama anyonye, akashika tumbo la Eness, akasugua kizazi ili kikaze. Alisugua mpaka mkono ukafa ganzi, akaukandamiza kwa mkono wa pili, na hakuondoa. Eness alipoanza kugeuza macho, alimpiga kofi. Alipogeuza tena, alimtukana. Walipogusa mchanga wa Nchelenge damu ilikuwa imepungua na Eness alikuwa hai. Mtoto alikuwa wa kike. Bibi yake, Mbemba asiye na habari na mambo ya ndoyi, alielezwa desturi ya Wakongo, akasema ni desturi ya watu wenye akili, mtoto akaitwa Débora.

Hospitalini waliuliza nani alimhudumia huyu mama. Débora akajibu, "Mungu alisaidia, na watu wa mtumbwini." Kesho yake akarudi kwenye mzani.

Sasa mtu kama huyo utamwambiaje alale tena chini, arudi kwenye siku ile? Débora aliona ni ukatili. Akafunga mdomo wake.

Méschac hakufunga wa kwake. Alikwenda Kabuta kuchukua samaki, akamkuta Eness pale mchangani anageuza samaki juani, naye kwa kupenda mazungumzo akamsimulia hadithi ya mimba yake, na ndevu, na wapita njia. Wauzaji wote wakacheka. Eness hakucheka.

"Hiyo examen," akauliza, "ni siku gani?"

Siku ilipofika walikutana kwenye kliniki ya Sister Mwenya, kwa sababu pale mtandao unashika vizuri. Débora alivaa blauzi nyeupe iliyopigwa pasi mpaka ikasimama yenyewe. Méschac alikuwa amenyoa ndevu zote, tayari kuwa mgonjwa. Bila ndevu alionekana kama mdogo wake mwenyewe, na Sister Mwenya alimtazama, akageukia dirisha ili asicheke mbele ya mtu anayesaidia mke wake.

Ndipo Eness akaingia. Mtoto mgongoni, beseni kichwani. Ndani ya beseni mlikuwa na plastiki ya kulalia, vitenge vilivyokunjwa na nguo za mtoto mchanga, vyote kama wanavyobeba wanawake wa huku siku ya kwenda kujifungua. Akavishusha, akapiga magoti kidogo kumsalimu Sister Mwenya, akaanza kutandika plastiki juu ya godoro.

"Ba Eness," Débora akasema, "hapana. Mimi sikukuita."

"Najua haukuniita. Njo maana nimekuja."

"Na beseni ya nini?"

"Kwa kliniki mutu haende kuzala mikono mitupu. Ba Sister watanifukuza."

Débora akamvuta pembeni. "Hauogopi? Wote wamekataa. Wanasema ukiigiza, inakuja."

"Wako na haki wale," Eness akasema. "Waogope. Kwao haijafika. Mimi siigize kitu. Kwangu ilishafika, ikaniona, ikaondoka. Nitalala tu vile nililala." Akajilaza, akavuta kitenge, akafumba macho. Méschac alimshukuru Mungu kwa sauti kubwa kuliko ilivyofaa, akampokea mtoto, akatoka naye nje.

Simu iliegemezwa kwenye boksi la glavu. Nyuso mbili zikatokea: mama mmoja wa nywele nyeupe, miwani inaning'inia shingoni, na mwanaume kijana aliyekuwa akiandika tangu mwanzo. Yule mama akasema kwa Kifaransa, haya, mhudumie mgonjwa wako.

Débora akapiga magoti kando ya godoro, akamsalimu.

Utafanyaje? Huku kwetu hakuna mtu anayeshika mwili wa mtu bila kumjulia hali. Na Eness, ambaye eti alikuwa anatokwa damu, akaitikia salamu yote kama inavyotakiwa. Nyumbani hawajambo. Mume hajambo, nyavu ndizo zimepasuka. Na wewe, hujambo? Shamba, je? Débora akatupa jicho kwenye simu, akamwona yule kijana anatazama saa.

Hapo akashtuka, na aliposhtuka, mikono ikamsahau. Akakimbilia kitabuni. Akaanza kueleza kwa Kifaransa cha darasani, safi, hatua baada ya hatua, kama alivyosimama mbele ya walimu wake Lubumbashi. Anaweka mkono tumboni, anaeleza, anauondoa kuonyesha kinachofuata, anaurudisha. Hakukosea neno. Lakini ilikuwa mikono ya mtu anayesoma shairi la shule, na mwenyewe aliisikia hivyo, na jasho likaanza kumtoka shingoni.

Eness akafumbua macho. Akamshika kifundo cha mkono.

"Haikuwa vile."

"Nyamaza, ba Eness," Débora akanong'ona. "Wanatazama."

"Acha batazame. Kule kwa ziwa mukono wako haukuondoka. Ulisugua, ukachoka, ukaleta ule mwingine yulu yake. Haukuondoka hata kidogo. Na hapa ulinipiga kofi. Mbona haunipige?"

Yule mama wa nywele nyeupe akavaa miwani yake. "Mgonjwa anasema nini?"

Débora akageukia simu. Angeweza kusema mgonjwa analalamikia maumivu, mambo yakaendelea sawasawa. Sister Mwenya alikuwa amesimama pembeni, mahali asipoonekana kwenye simu, mikono kifuani, na hakumsaidia hata kwa macho.

"Anasema," Débora akajibu, "kwamba sifanyi kama nilivyofanya."

"Ulivyofanya lini?"

"Siku alipokuwa anakufa."

Yule kijana akaacha kuandika. Mama akasogea karibu mpaka uso ukajaa simu nzima. "Huyu mama si mwigizaji?"

"Hapana, madame. Hapa hakuna mwanamke atakayeigiza hilo. Niliwaomba wote wakakataa, na siwalaumu. Huyu amekuja kwa sababu kwake si mchezo."

"Basi mwache aseme ilivyokuwa," mama akasema. "Na wewe ufanye."

Eness akafumba macho tena, akaanza kusema. Jua liko hapa. Mtumbwi unazunguka. Mtoto yuko hapa, kifuani. Sasa baridi inapanda miguuni. Na Débora akaweka mkono pale ulipokuwa siku ile, akaleta ule wa pili juu yake, na hakuondoa. Kifaransa cha darasani kilimkimbia, kikabaki cha haraka, kilichokatikakatika, cha mtu mwenye kazi. Alieleza jinsi kizazi kilivyokuwa laini kama unga uliozidi maji, na jinsi kilivyoanza kukaza chini ya kiganja. Alieleza habari ya mwenye injini. Alipofika kwenye kofi alisita, Eness akamgeuzia shavu, akampiga kidogo, na matusi nayo akayarudia, ila hayo hakuyatafsiri. Hakuna aliyemwambia aache, naye hakuacha.

"Ulijuaje kwamba hujachelewa?" mama akauliza.

"Sikujua. Nilikataa tu kuondoa mkono."

"Na nani aliisimamisha damu hiyo?"

Jibu lilikuwa tayari ulimini mwake, lilelile la hospitalini: Mungu alisaidia, na watu wa mtumbwini. Akaanza kulisema. Eness hana Kifaransa, lakini jina la Mungu analijua kwa lugha hiyo, maana wateja wake Wakongo wanaliapia kila siku wakitaka apunguze bei.

"Mungu alikuwa kule, ndiyo," akasema pale chini, macho bado amefumba. "Lakini mikono ilikuwa yako. Waambie."

Débora akanyoosha mgongo, magoti bado chini, viganja bado tumboni kwa mgonjwa wake.

"Ni mimi," akasema. "Niliisimamisha mimi."

Aibu ikampanda moto mpaka masikioni, maana hakulelewa kusema hivyo juu yake mwenyewe. Halafu nyuma ya aibu ikaja furaha nyingine, nzito, ambayo hakuionja tangu Pweto. Alijiona munganga. Alijivunia mikono yake mbele ya watu, na hakuomba radhi kwa mtu.

Yule mama akashukuru. Akaomba kumwona mtoto. Méschac akaingia naye, mtoto ameshika mkia wa samaki, anaung'ata. Jina lake nani? Débora, wakajibu wote pamoja. Yule kijana akacheka kwa mara ya kwanza, simu ikazimwa, ikawa basi.

Nje, Débora alisema ameshindwa. Salamu zilikula muda. Amegombana na mgonjwa wake mbele ya wahoji. Amepiga mtu kofi kwenye mtihani wa uuguzi. Méschac akamwambia asihuzunike, ndevu zitaota tena. Eness yeye alikunja plastiki yake, akapanga vitu ndani ya beseni, akasema amechoka sana, kama mtu aliyejifungua kweli. Sister Mwenya akamkorogea chai yenye sukari nyingi.

Jibu lilimkuta Débora kwenye mzani, mtoto wa watu anapiga kelele. Mtandao wa kambini unakuja na kwenda utakavyo, na ujumbe ulifunguka nusu. Ulianza na neno la furaha, kisha ukakwama. Débora hakukimbia. Alimtoa mtoto kwenye mzani, akataja uzito wake uandikwe, akamrudisha kwa mama yake. Ndipo akatoka, akazunguka nyuma ya kliniki, akapanda juu ya kichuguu kile ambacho watu hupanda wakitaka kupiga simu mbali.

Foleni yote ya akina mama ikawa inamtazama pale juu, na aproni yake, simu imeinuliwa. Alisoma. Akasoma tena. Amekubaliwa. Yule mama wa nywele nyeupe ameongeza mstari wake mwenyewe chini, kwamba salamu ile ya mwanzo aje nayo, asiiache nyumbani. Débora alitaka kushuka awaambie, lakini akabaki amesimama hivyo mkono mdomoni. Mama Dorica, aliyekuwa kwenye foleni, hakungoja kuambiwa. Akapiga mpundu, vigelegele vya huko. Wa pili akapokea, wa tatu akapokea, mpaka masister wakatoka ndani kuuliza nani amezaa.

Siku ya kuondoka walimsindikiza mpaka kwenye basi la Nchelenge, Débora wote wakiwemo, wa kunyonya mpaka wa sufuria. Mama Dorica alileta kuku aliyemwahidi, akasisitiza apande naye basi, ikabidi Méschac ampokee kwa ujanja. Méschac atafuata baadaye, chuo kimekwisha kukubali hilo. Sister Mwenya alimfunga Débora kitambaa shingoni kwa sababu amesikia kule kuna baridi.

"Na usijihurumie huko," akamwambia.

"Ee, ba Sister. Natotela, mukwai," Débora akashukuru kwa Kibemba.

Siku hizi ukienda Kabuta kununua samaki kwa Eness, uwe na nafasi, kwa sababu hakuuzii kabla hajakusimulia. Anaanzia mtumbwini, anamaliza Kanada, na katikati anamwita ndoyi mdogo aje aonekane. Juzi mteja mmoja mgeni, kijana wa kutoka ng'ambo ya ziwa, alimuuliza kama ni kweli alilala chini mbele ya simu ya wazungu, akajifanya anakufa.

Eness aliweka chini samaki aliyekuwa anamfungia.

"Kujifanya nani?" akasema. "Nililala mbele ya Débora mukubwa mara mbili. Ya kwanza nilipona mimi. Ya pili akapona yeye."